NGOZI YA TUMBO KISHA KUZAA, NA MASHINI YA SINDANO YENYE KUIKAZA



Kijitabu hiki kinazungumza juu ya neno moja ambalo wamama wengi wanauliza kwa sauti ya chini, wakati mtoto amekwisha kupimwa kilo na kadi imeandikwa: "Ngozi ya tumbo langu imelegea. Iko dawa ya kuikaza?" Wengine wameona katika telefone picha za mashini yenye sindano ndogo ndogo inayopiga uso na tumbo. Wengine wamesikia kwamba katika miji mikubwa watu wanaitumia, na kwamba inarudisha ngozi ya binti. Wengine wameanza kuweka feza pembeni.

Hilo si neno la kuchekwa. Mama kupenda mwili wake si zambi, na mama kuona haya ya kuvua nguo mbele ya bwana wake ni maumivu ya kweli. Lakini kabla hujatoa feza, na kabla hujampa mtu ngozi yako aitoboe, inafaa ujue mashini ile inatumika namna gani, inaweza nini, haiwezi nini, na inaweza kuleta hatari gani. Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.


1. NGOZI NI NINI?

Ngozi ni kiungo cha mwili, sawa na moyo ao maini. Ukitandika ngozi yote ya mtu mkubwa, itafunika fasi kama mkeka wa kulalia. Inazuia mikrobi isiingie, inazuia maji ya mwili yasitoke, inapoza mwili kwa jasho. Iko na sehemu tatu:

a) Ngozi ya juu. Ni nyembamba kama karatasi. Ndani yake mna rangi ile inayotupatia weusi wetu na kutulinda na jua.

b) Ngozi ya ndani. Ni nene zaidi: milimetre 1 mpaka 4, kwa kufuata fasi ya mwili. Hapa kuna damu, mishipa ya kusikia maumivu, na mizizi ya nywele. Hapa tena kuna nyuzi za namna mbili. Nyuzi za kwanza zinaitwa kolajeni; ni ngumu kama kamba, zimesukwa kama kitunga. Nyuzi za pili zinaitwa elastini. Zinavutika na kurudi kama lastiki ya jipo.

c) Mafuta. Yako chini, yanalinda nyama na kushika joto.

Ukikumbuka kitunga na lastiki, utafahamu mambo yote yanayofuata.


2. JUU YA NINI NGOZI INALEGEA KISHA KUZAA?

Muda wa miezi tisa tumbo linakua, na ngozi inavutwa pamoja nalo. Lastiki ikivutwa kidogo, inarudi. Ikivutwa sana na kwa siku nyingi, hairudi yote. Nyuzi nyingine zinakatika, ndipo mama anaona michirizi tumboni, mapajani na kwenye matiti. Michirizi hiyo ni makovu madogo ya ndani. Haiumizi, wala si ugonjwa.

Ngozi inalegea zaidi kwa mama aliyebeba mapasa ao mtoto mkubwa, kwa mama anayezaa mbio mbio bila kupumzika, kwa mama aliyenenepa sana kisha akakonda upesi, na kwa mama anayevuta tumbako. Miaka ya kuishi inaongeza, na jamaa inaongeza: kama mama yako aliona vile, nawe unaweza kuona vile.

Lakini sikia neno hili, maana wamama wengi hawaambiwi: mwili unahitaji wakati. Siku ya kuzaa, kizazi kina uzito wa kilo moja hivi. Kinahitaji majuma 6 ili kirudi kuwa kidogo kama zamani. Ngozi inakawia zaidi. Inaendelea kujikaza polepole kwa miezi 6 mpaka 12. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili anayelia juu ya tumbo lake analia mapema sana. Kazi haijaisha.


3. MASHINI ILE INATUMIKA NAMNA GANI?

Mashini hiyo imeunganisha vitu viwili vya zamani: sindano na moto.

Sindano. Katika miaka ya 1990, daktari mpasuaji mmoja wa Cape Town, katika Afrika ya Kusini, jina lake Desmond Fernandes, alikuwa kati ya wale walioonyesha ya kwamba ngozi ikitobolewa na sindano nyingi ndogo sana, inajenga nyuzi mpya za kolajeni wakati inapopona. Yeye alitumia gurudumu dogo lenye sindano, linalosukumwa juu ya ngozi.

Moto. Huu si moto wa makaa. Mwaka 1891, mwalimu wa Ufaransa, Arsène d'Arsonval, alionyesha ya kwamba umeme unaogeuka kwenda na kurudi upesi sana unaweza kupita mwilini bila kushitua misuli. Upesi huo ni sawa na wa mawimbi ya radio: mara milioni moja ao mbili kwa kila sekonde. Unapopita, maji na chumvi za mwili vinatikisika na kusuguana, na joto linatokea, kama vile unaposugua mikono yako asubuhi ya baridi. Mwaka 1926, kule Boston katika Marekani, Harvey Cushing na William Bovie walitumia nguvu hiyo kwa kufunga damu wakati wa kupasua kichwa. Hata leo, katika vyumba vingi vya kupasulia, daktari anafunga mishipa ya damu kwa kisu cha umeme. Kisu kile na mashini hii ni ndugu.

Kisha mwaka 2000 watu waliunganisha vitu hivi viwili. Sasa sindano inaingia kwanza, halafu joto linatoka katika ncha yake, ndani ya ngozi.

Kazi inakwenda hivi. Mganga anaosha ngozi. Anapakaa dawa ya kufisha maumivu, mama anangojea dakika 30 mpaka 60, halafu dawa inapanguswa. Mganga anashika chombo chenye kichwa kidogo kilicho na makumi ya sindano nyembamba. Anakikandamiza juu ya ngozi. Sindano zinaingia, mara nyingi kati ya nusu ya milimetre na milimetre 3 na nusu. Joto linatoka kwa muda mdogo kuliko sekonde moja, na sindano zinarudi. Anasogeza chombo kidogo, anapiga tena, mpaka amemaliza fasi yote. Joto katika ngozi ya ndani linafika degre 60 mpaka 70. Katika mashini nyingine sindano zimefunikwa pembeni, ncha tu ndiyo iko wazi, ili ngozi ya juu isiungue.

Joto lile linafanya nini? Wewe unayepika umekwisha kuliona. Ukitia nyama yenye ngozi katika sufuria ya moto, ngozi inajikunja na kuwa fupi. Kolajeni ndiyo inayojikunja. Ndivyo inavyokuwa kidogo kidogo katika kila shimo la sindano. Halafu mwili unaona ya kwamba umejeruhiwa, unaleta damu, unaanza kusuka kitunga upya. Kazi hiyo ya kusuka inachukua miezi 3 mpaka 6.

Basi sikia vizuri, maana hili ndilo neno kubwa la kijitabu hiki. Mashini haileti ngozi mpya. Haitii dawa. Mashini inaleta VIDONDA, vidogo na vingi. Anayekaza ngozi ni mwili wako mwenyewe, wakati unapoponyesha vile vidonda. Kwa sababu hiyo sherti kuuliza juu yake maulizo yale yale tunayouliza juu ya kidonda chochote: nani amekifanya? kwa chombo gani? mwili wa mama uko na nguvu ya kukiponyesha?


4. INAWEZA NINI? HAIWEZI NINI?

Inaweza kusaidia kidogo ngozi iliyolegea kidogo: ya mashavu, ya shingo, ya tumbo. Inaweza kufanya makovu ya chunusi yasionekane sana, na michirizi pia. Neno "kidogo" si kosa la kuandika. Ngozi haikazwi kwa siku moja; mara nyingi inafaa kurudia mara 3 ao zaidi, na kupumzika majuma 4 mpaka 6 katikati. Kisha miaka inapita na ngozi inaendelea kuzeeka kama ya watu wote.

Haiwezi mambo haya:

– Haiondoi ngozi nyingi inayoning'inia kama mfuko. Ile inahitaji kisu cha daktari mpasuaji.
– Haiondoi mafuta ya tumbo kama vile mama anavyotaka.
– Hairudishi misuli ya tumbo iliyoachana. Misuli iko chini ya mafuta, sindano haiponyeshi kitu kule. Na kwa wamama wengi waliozaa mara nyingi, kinachosukuma tumbo mbele ni misuli ile, si ngozi.
– Haizuii tumbo kuvutwa tena katika mimba inayofuata. Mama anayetaka kuzaa bado, hata akilipa leo, mimba itavuta tena.

Na bei? Katika inchi za Ulaya na Marekani watu wanalipa mamia ya dola kwa kila mara moja. Ukikuta mtu anayekuambia atakufanyia kwa bei ya kitambaa, jiulize: amepunguza nini? Mara nyingi amepunguza sindano mpya.


5. HATARI ZAKE

Kila mama anayepigwa anaona wekundu, uvimbe na maumivu kwa siku moja mpaka siku chache. Hiyo ni kawaida. Lakini mambo mengine si kawaida.

Mwezi wa Oktoba 2025, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia madawa na vyombo vya uganga (FDA) ilitoa onyo juu ya mashini hizi. Ilisema imepokea habari za watu waliounguzwa, waliobaki na makovu, waliopoteza mafuta ya chini ya ngozi mpaka sura ikaharibika, na walioharibiwa mishipa ya kusikia. Wengine walihitaji kupasuliwa ili kutengeneza yale yaliyoharibika. Ofisi ilisema tena ya kwamba hii ni kazi ya uganga, ifanywe na mtu aliyefundishwa uganga. Si kitu cha kujifanyia nyumbani. Fikiri, mama: mambo hayo yametokea kule kwenye waganga wengi na wakaguzi wengi.

Kwetu sisi watu weusi kuna maneno matatu zaidi.

Neno la kwanza ni jema. Mashini za mwanga mkali zinashika rangi ya ngozi yetu na kuiunguza kwa upesi. Mawimbi ya radio hayaangalii rangi. Kwa hiyo mashini hii inafaa ngozi nyeusi kuliko nyingi za mwanga.

Neno la pili: ngozi yetu ikijeruhiwa, inapenda kuacha alama nyeusi zaidi. Alama hizo zinaweza kukaa miezi mingi. Jua linazifanya kuwa nyeusi zaidi.

Neno la tatu: kati yetu kuna wengi wenye makovu ya kuvimba, yanayoitwa keloide. Kidonda kinapona, lakini kovu linaendelea kukua, linakuwa gumu, linawasha. Angalia masikio yako fasi ulipotobolewa. Angalia kovu la chanjo kwenye mkono, ao kovu la kupasuliwa ulipozaa. Kama mojawapo limevimba kupita kidonda chenyewe, USIPIGWE SINDANO HIZI. Ungekwenda kutafuta ngozi laini, na kurudi na mamia ya vijivimbe.


6. SINDANO YA UREMBO NI SINDANO

Katika kiliniki umezoea kuona mwuguzi anafungua sindano mpya mbele yako kwa kila mtoto. Ungekataa mtoto wako apigwe sindano iliyotoka kwa mtoto mwingine. Lakini mama yule yule anaweza kwenda katika nyumba ya kusuka nywele, akakubali gurudumu lenye mamia ya sindano lililopita katika uso wa wateja watano, maana wanaliita "urembo".

Sindano haijui jina la urembo. Inabeba damu. Na damu inaweza kubeba virusi vya SIDA, na ugonjwa wa maini wa namna B na C. Virusi vya ugonjwa wa maini B vinaweza kukaa vizuri nje ya mwili, katika damu iliyokauka usiyoiona kwa macho, kwa siku 7 ao zaidi.

Hii si hadisi ya kutisha. Katika jimbo la New Mexico, kule Marekani, mwaka 2018, mwanamke mmoja alipimwa akakutwa na virusi vya SIDA. Hakujidunga madawa, hakutiwa damu ya mtu mwingine, na mwanaume wake alipimwa akakutwa hana. Lakini alikuwa amepigwa usoni sindano ndogo pamoja na damu yake mwenyewe, katika nyumba ya urembo isiyo na ruhusa. Wakaguzi walipoingia pale, walikuta machupa ya damu yasiyo na jina, mengine katika frigo pamoja na chakula, na mabomba ya sindano yaliyofunguliwa yametupwa ovyo. Mwaka 2024, kituo kikubwa cha Marekani cha kupigana na magonjwa (CDC) kiliandika ya kwamba wanawake watatu waliambukizwa pale, kwa kadiri ilivyoonekana, kwa njia ya kazi hiyo. Mashini yao haikuwa ya moto, lakini sindano ni sindano.

Wengine watakuambia: "Mashini yetu iko na joto, inaua mikrobi yenyewe." Si kweli. Joto linatoka kwenye ncha tu na kwa nusu ya dakika hata halifiki. Kwa kuua mikrobi yote katika vyombo, hospitali inatumia mvuke wenye nguvu, degre 121, dakika 15 ao zaidi. Wengine watasema: "Tumepangusa kwa alkoli." Kupangusa hakutoshi. Kichwa cha sindano SHERTI kiwe kipya kwa kila mtu, kifunguliwe mbele ya macho yake, na kitupwe kisha kazi.

Na gurudumu la sindano linalouzwa sokoni? Usilinunue kwa ndugu watatu kutumia pamoja. Wembe mmoja wa kuchanja watu wengi tumekwisha kuukataa. Gurudumu hili ni wembe wenye meno mengi.


7. NANI ASIPIGWE HATA KIDOGO?

– Mama mwenye mimba, ao anayefikiri ana mimba. Pima kwanza.
– Mama aliyezaa karibuni, ambaye mwili haujarudi. Na anayenyonyesha, heri angojee.
– Mtu mwenye mashini ndogo ya kusaidia moyo ndani ya kifua. Umeme unaweza kuichafua.
– Mtu mwenye chuma mwilini katika fasi itakayopigwa.
– Mtu mwenye makovu ya keloide.
– Mtu mwenye vidonda, majipu ao upele katika fasi ile.
– Mtu anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, ao mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa, maana vidonda vyake vinakawia kupona.
– Mtu anayepakaa mafuta ya kujichubua. Soma sehemu ya 9.


8. MAULIZO SITA KABLA YA KUTOA FEZA

Kama umekwisha kufikiri yote na bado unataka, uliza bila haya:

1. Wewe ni daktari ao mwuguzi? Ulisoma wapi? Kama hataki kujibu, rudi nyumbani.
2. Umepiga ngozi nyeusi kama yangu? Nionyeshe walivyopona kisha miezi 6.
3. Sindano ni mpya? Utaifungua mbele yangu?
4. Utajaribu kwanza katika fasi ndogo iliyofichika, ili tuone kama inaacha alama nyeusi?
5. Nikiungua ao nikipata usaha, nani atanitunza, na kwa feza ya nani?
6. Ni mara ngapi, na bei yote pamoja ni ngapi?

Kama ulipigwa tayari, ukaona homa, usaha, malengelenge, ngozi kuwa nyeupe ao nyeusi kama makaa, ao fasi isiyosikia kitu, usijifiche. Kuja hospitali siku ile ile. Hatutakugombeza.


9. MAMBO YANAYOSAIDIA, NA MAMBO YANAYOHARIBU, NYUMBANI

Yanayosaidia:

Chakula. Kolajeni inajengwa kwa chakula cha kujenga mwili: maharagi, samaki, ndagala, mayai, karanga, soya. Tena mwili hauwezi kuisuka bila vitamini C, ile ya mapera, machungwa, papai na maembe. Mama anayenyonyesha asile wa mwisho, kisha wote kushiba. Anajenga miili miwili.

Kupumzisha kizazi. Shirika la Afya la ulimwengu (OMS) linashauri kungojea angalau miezi 24 kisha kuzaa, kabla ya kubeba mimba nyingine. Wewe na bwana yako kujeni pamoja, tutawaeleza njia. Kwa ngozi, kwa misuli na kwa damu ya mama, hakuna mashini inayoshinda muda huu.

Mazoezi ya misuli. Lala chali, kunja magoti. Toa pumzi polepole, vuta kitovu kuelekea mgongo, hesabu mpaka 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Kama ulizaa kwa kupasuliwa, ngoja kwanza uonwe kwenye kiliniki kisha majuma 6.

Kupakaa mafuta. Mafuta ya mise, ya nazi, ao vazelini yanafanya ngozi iwe laini na kuondoa kuwasha. Hayakazi ngozi. Yatumie kwa furaha, lakini usilipe feza nyingi kwa chupa inayojisifu kwamba "inakaza".

Yanayoharibu:

Maji ya moto sana. Kukandwa kwa maji ya uvuguvugu kunapumzisha mama. Lakini maji yanayounguza mkono wa anayekanda yanaunguza pia tumbo la anayekandwa, na ngozi iliyoungua haikazi, inaacha kovu.

Mafuta ya kujichubua. Mengi yana hidrokinoni, ao merkure yenye kuharibu figo, ao dawa kali za daktari kama klobetasoli. Dawa hizo za mwisho zinakula kolajeni yenyewe. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi inaongezeka, na kidonda cha kupasuliwa kinakataa kupona. Mama anayejichubua na kutafuta mashini ya kukaza ngozi anabomoa nyumba kwa mkono mmoja na kuijenga kwa mkono mwingine. Kama unatumia, usiache kwa siku moja. Kuja tukuonyeshe namna ya kuacha polepole.


10. TUMBO LISILO NENO LA NGOZI TU

Sehemu hii isomwe mara mbili. Mara nyingine mama anafikiri ni ngozi, kumbe ni neno lingine. Kuja kuonyesha tumbo lako kama:

– Unalala chali, unainua kichwa, na vidole vyako vinazama katikati ya tumbo, karibu na kitovu, kwa upana wa vidole zaidi ya viwili. Misuli imeachana.
– Kitovu, ao kovu la kupasuliwa, linatoa kivimbe unapokohoa. Kikiwa kigumu, chenye maumivu, na unatapika, ni hatari ya siku ile ile. Usingojee asubuhi.
– Tumbo linakua, halipungui, na miguu inavimba. Inaweza kuwa maji ndani ya tumbo, ao bandama.
– Umezaa karibuni, una homa, na maji ya kizazi yana harufu mbaya.
– Hujaona damu ya mwezi, ao mtoto anasumbuka. Pengine ni mimba.

Mtu wa mashini hatatafuta mambo hayo. Ataona ngozi tu, kwa sababu anauza ngozi.


11. MAULIZO YA WAMAMA

"Kunyonyesha kunalegeza tumbo?" Hapana. Kunyonyesha kunasaidia kizazi kirudi upesi.

"Nifunge tumbo kwa kitambaa?" Unaweza, kama hakikubani. Kinashika mgongo na kukupa raha. Hakikazi ngozi. Kikikubana sana, kinasukuma kizazi chini.

"Bwana wangu anasema nimeharibika." Umwonyeshe kijitabu hiki, sehemu ya 2. Ngozi ile ilivutwa na watoto wanaobeba jina lake. Kama anataka kutoa feza juu ya tumbo lako, anunue kwanza mayai na maharagi, na akuje pamoja nawe siku ya kiliniki.

"Basi mashini hiyo ni mbaya?" Hatusemi vile. Katika mikono ya daktari aliyejifunza, kwa mama asiye na keloide wala mimba, yenye sindano mpya, inaweza kusaidia kidogo. Tunasema tu: si lazima, si ya haraka, na si ya kila nyumba ya urembo.


12. KUMBUKA

– Ngozi iliyolegea kisha kuzaa si ugonjwa. Ipe mwaka mmoja.
– Mashini inaleta vidonda. Mwili ndio unaokaza.
– Kila sindano, hata ya urembo, iwe mpya, ya mtu mmoja tu.
– Mwenye keloide na mwenye mimba wasipigwe.
– Usijichubue.
– Tumbo lenye kivimbe, homa ao maumivu: kuja hospitali.

Mungu aliumba ngozi yenye kujiponyesha, na hilo ni ajabu kuliko mashini. Uitunze kwa akili. Ukiwa na ulizo lingine, lilete siku ya kupima mtoto. Umwambie mwuguzi ya kwamba unataka kuzungumza pembeni, naye atakusikiliza.